Poti ya Kwanza

Kamachumu, Muleba
18 Novemba 2024

Kwa Bibi Mastura, mke wa marehemu mwanangu,
Hamugembe, Bukoba.
Kwa mkono wa Kamala, dereva wa gari la ndizi.

YAHUSU: RUTA YA NYUMBANI KUTOFANYA KAZI

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya ya mwili, maana ya moyo sitaiulizia. Huku tu wazima. Mama mkwe wako anakula kidogo. Senene wameanza kuanguka, na mwaka huu hakuna mtu wa nyumba hii aliyetoka kuwakamata.

Nimechagua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Kwanza, kwetu baba mkwe hanong'oni sikioni mwa mkamwana wake, na simu haina tofauti na kunong'ona. Tena wewe uko katika eda. Pili, jambo lenyewe lina tarakimu na sehemu nyingi. Nimewaandikia watu wa kata hii barua za maombi kwa miaka mingi, wala sijaona ombi la mdomo lililopata jibu.

Maelezo ni haya. Jumanne iliyopita radi ilipiga karibu na nyumba na kuunguza migomba ya upande wa barabarani. Kama ilivyo desturi, nilizichomoa nyaya zote za ruta ile aliyoifunga marehemu Najibu katika chumba cha mbele. Mvua ilipokatika nikazirudisha. Tangu saa hiyo intaneti haipo hapa nyumbani, wala zahanati, wala shuleni, ambako nyaya zake hutokea hapa. Taa ya umeme inawaka. Taa za poti ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano zinapepesa. Taa ya poti ya kwanza haiwaki. Kamusi yangu kitu hicho inakiita kiolesura, lakini marehemu alikiita poti, nami nitafuata lugha yake.

Restituta, muuguzi wa zahanati, huja kila asubuhi, kwa kuwa maombi ya dawa huyatuma kwa kompyuta. Jana alisimama mlangoni akasema kwa adabu ya Kihaya, "Mzee Twaibu, waitu, hata mashine nayo imekaa eda?"

Nikamjibu kwamba utani na msiba havikai kigoda kimoja.

"Basi iambie eda imekwisha," akasema. "Dawa ya malaria ya watoto inakaribia kwisha."

Aroni mwenye duka la simu alijitolea kuifungua. Nimemkatalia. Sitaki mkono wa mtu baki uiguse. Wewe ulifanya kazi hii pamoja na marehemu, katika kampuni moja. Ndiyo maana naleta ombi kwako.

Sikukusudia kuligusa jambo la mazishi, wala siligusi.

Kwa ufupi naomba kuelekezwa la kufanya.

Ni mimi, baba mkwe wako,
Twaibu Kahigi


Hamugembe, Bukoba
24 Novemba 2024

Kwa baba mkwe wangu mheshimiwa,

Wa alaykumu salaam. Shikamoo, baba, na shikamoo nyingi kwa mama. Mwambieni ale, hata kama hana hamu. Mimi nala hivyo hivyo. Nalala, naamka, nakaa. Shangazi Hafidha amehamia kwangu kwa ajili ya eda na hanipi nafasi hata ya kuosha kikombe. Aliponiona nimeshika kalamu kujibu barua yenu alisema, "Mjane na tarakimu wapi na wapi?" Nikamwambia ni za baba mkwe. Akaniletea meza.

Nimesoma habari ya taa. Niruhusuni nieleze, ili tuwe tunaona kitu kimoja.

Ruta hiyo ina poti tano. Ya kwanza Najibu aliifanya kuwa ya nje: inapokea waya unaotoka kwenye antena ya paani, na intaneti yote inaingia kwa poti hiyo. Nne zilizobaki ni za ndani, nazo hazina tofauti yoyote: zahanati, shule, sebuleni kwenu, na chumba chake yeye. Waya ukiwa mzima, na kitu kilicho upande wa pili kikiwa kimewashwa, taa huwaka. Sasa za ndani zinawaka na ya nje haiwaki. Maana yake radi imeshuka na waya wa paani ikaiunguza poti ya kwanza. Hilo hutokea. Kila msimu wa mvua tulikuwa tukiletewa ruta za namna hiyo kazini.

Si lazima kununua nyingine. Waya wa paani unaweza kuhamishiwa poti ya tano. Lakini ruta haielewi kwa kuchomekewa tu. Ni lazima iambiwe kwamba tangu sasa poti ya tano ndiyo ya nje. Kuiambia kunahitaji nenosiri. La ruta ya hapa kwetu nalijua. La huko alilijua Najibu peke yake. Hakuniambia, nami sikuwahi kumuuliza.

Nyuma ya karatasi hii nimeandika maneno aliyopenda kuyatumia. Mwombeni Restituta aje na kompyuta ya zahanati, myajaribu. Yakikataa yote, itabidi kuifuta ruta. Kuna kitundu kidogo nyuma yake. Mtu huingiza sindano na kubonyeza huku akiwasha umeme, nayo hurudi kama ilivyotoka dukani. Kila alichokiandika Najibu ndani yake kitaondoka, nasi tutaandika upya.

Jambo la mazishi na mimi siligusi.

Mkamwana wenu,
Mastura


Kamachumu, Muleba
9 Desemba 2024

Kwa mkamwana wangu Mastura,

YAHUSU: KUFUTWA KWA RUTA (REJEA BARUA YAKO YA 24 NOVEMBA)

Amani iwe nawe na kwa Bibi Hafidha, ambaye nimefurahi kusikia kwamba anajua thamani ya meza. Sisi tu wazima kwa kiasi cha kutosha.

Nathibitisha kwamba maneno yote uliyoyaandika yamejaribiwa na yote yamekataliwa.

Kuhusu kufuta, nasikitika kukujulisha kwamba sikubaliani nako. Ninaeleza sababu.

Ninapofungua simu yangu, hata sasa ambapo intaneti haipo, mtandao wa nyumba hii unajitaja kwa jina alilouandikia marehemu: NAJIBU KAMACHUMU. Aliandika akiwa amesimama juu ya kiti changu, akacheka, akasema, "Tata, sasa hata jirani akitafuta mtandao atanikuta mimi." Nilimkemea kwa majivuno.

Kibanjani kwangu, kati ya migomba, lipo kaburi la babu yangu na kaburi la baba yangu. Nafasi inayofuata ni yangu, na baada yangu ilikuwa yake. Yeye amelala Bukoba kwenye makaburi ya watu wenu, na nilipofika siku ile nilionyeshwa udongo uliokwisha kusawazishwa. Hapa sina pa kusimama nikasema, huyu ni Najibu. Kilichobaki cha mkono wake ni maandishi yaliyomo ndani ya chombo hicho, ambayo siwezi hata kuyasoma. Sitayachoma sindano.

Nimeandaa barua kwa watengenezaji huko ng'ambo, kuwaomba watufungulie kwa huruma, nikieleza kwamba mwenye nenosiri amefariki kwa ajali ya pikipiki pale Kemondo. Restituta aliisoma yote.

"Mzee, unawaandikia watu wa kiwandani kwa Kiswahili sanifu?"

Nikamwambia kwamba Kiswahili sanifu hakidharauliwi popote.

"Sawa, waitu. Nami niwaandikie wanipe dawa?"

Huyu dada ana ulimi. Nakala ya barua hiyo nimeiambatisha ili uisahihishe.

Ni mimi, baba mkwe wako,
Twaibu Kahigi


Hamugembe, Bukoba
15 Desemba 2024

Kwa baba mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo, baba. Natumai mama anaendelea vema na kwamba mvua haijaharibu njia ya kwenda kisimani.

Barua kwa watengenezaji ni nzuri na haina kosa. Lakini hawataweza. Nenosiri halikai kwao.

Mmeligusa jambo la mazishi, basi nitasema nilichokiona. Alifia hospitalini alfajiri. Nilikuwa chumbani na wanawake. Baba zangu wadogo na shehe walikaa barazani wakaamua, wakasema maiti haisubiri. Nilisema mko njiani, lakini nadhani nilisema kwa sauti ndogo. Kisha nikasikia jeneza likitoka. Tangu siku hiyo mambo mengi hupita hivyo, nje ya mlango, na mimi nayasikia.

Jina la mtandao linaweza kuandikwa tena vile vile, herufi kwa herufi. Simu haitajua tofauti.

Siwashinikizi. Ila nimewaandikia hatua, mkiamua. Kwanza, sindano, hadi taa zipepese zote. Pili, kompyuta ya zahanati ichomekwe poti ya pili, mfungue ukurasa wa 192.168.88.1, hautaomba nenosiri. Tatu, hamisheni waya wa paani kutoka poti ya kwanza kwenda poti ya tano. Mkifika hapo niandikieni. Anwani za kuiwekea poti ya tano nitakuwa nimezipata kutoka kazini; nimemwomba mwenzangu mmoja aniletee.

Mkamwana wenu,
Mastura


Kamachumu, Muleba
27 Januari 2025

Kwa mkamwana wangu Mastura,

YAHUSU: UTEKELEZAJI WA HATUA ULIZOAGIZA

Assalamu alaykum. Barua yako ilifika salama kabla ya mwaka kwisha, nami nimekaa nayo bila kujibu. Naomba ukimya huo usihesabiwe kuwa dharau. Mama mkwe wako ameanza kula. Nyumba ni nzima.

Ijumaa Restituta alikuja pamoja na mama mmoja kutoka bondeni, mgongoni ana mtoto mwenye homa. Hakuzungumza nami. Alimwambia yule mama, mbele yangu, "Dawa tungekuwa nayo, ila huyu mzee ana kitu anakitunza."

Yule mama akapiga goti akaniamkia. "Shikamoo, tata."

Nikaitikia. Wakapanda pikipiki kwenda hospitali. Nasikia mtoto amepona, na hilo halibadilishi chochote.

Baada ya Adhuhuri nilichukua sindano ya mama mkwe wako ya kushonea mikeka. Taa zilizima, zikawaka, zikapepesa zote. Katika simu jina likatoweka, pakaja jina la kiwandani lenye tarakimu. Nilikaa. Nilitazamia kwamba kitu kitanipata, lakini hakuna kilichonipata. Mama mkwe wako aliuliza kutoka jikoni kama nimemaliza, nikamwambia bado.

Sasa nimekwama katika hatua yako ya tatu, na sipendi kukisia. Umeagiza waya wa paani utoke poti ya kwanza uende ya tano. Waya huo haupo poti ya kwanza. Upo ya tano tangu siku ya radi.

Napenda ujue kwamba siku ile sikuzirudisha nyaya ovyo ovyo. Nilizipanga kama watu wanavyoketi. Poti ya kwanza nilimpa Najibu, yaani waya uendao chumbani kwake, kwa kuwa chombo ni chake na nyumba hii ingekuwa yake. Ya pili nikawapa wagonjwa wa zahanati. Ya tatu shule. Ya nne sisi wazee. Waya wa paani, ambao ni wa kutoka nje na ni wa kampuni, nikauweka mwisho. Mgeni haketi kabla ya mwenye nyumba. Chumba chake nimekifunga, na kompyuta yake haijawashwa tangu afariki, lakini heshima ya nafasi ni ileile.

Je, niurudishe waya wa paani poti ya kwanza, kisha niuhamishe kama ulivyoagiza, au niuache hapo ulipo?

Ni mimi, baba mkwe wako,
Twaibu Kahigi


Hamugembe, Bukoba
4 Februari 2025

Kwa baba mkwe wangu,

Shikamoo.

Msihamishe kitu. Waya wa paani ubaki poti ya tano, na waya wa chumba cha Najibu ubaki ulipo. Poti ya kwanza msiitumie kwa kazi yoyote.

Katika ukurasa ule, mchague poti ya tano, mwandike anwani 10.20.4.18, na njia ya kutokea 10.20.4.17. Kisha poti ya pili, ya tatu na ya nne ziunganishwe ziwe kundi moja la ndani, lenye anwani 192.168.10.1. Mahali palipoandikwa DHCP pawekwe alama, ili ruta iwagawie watu anwani yenyewe. Mwishoni wekeni jina la mtandao na nenosiri jipya. Restituta atayaelewa haya akiyasoma taratibu.

Barua yenu nimeisoma, nikairudia. Sina la kuongeza.

Eda yangu inakwisha katikati ya mwezi huu. Shangazi Hafidha ameshanunua udi na kanga mpya. Kazini wamesema nirudi nikiwa tayari. Nimewaambia niko tayari, kwa kuwa sijui tofauti yake itakuwa nini.

Mkamwana wenu,
Mastura


Kamachumu, Muleba
24 Februari 2025

Kwa mkamwana wangu Mastura,

YAHUSU: TAARIFA YA MWISHO KUHUSU RUTA

Assalamu alaykum. Nakupa pole kwa eda uliyoikamilisha, na namshukuru Bibi Hafidha kwa kukaa nawe. Natumaini umevaa hiyo kanga. Sisi tu wazima.

Naarifu kwamba maagizo yako yamefuatwa kama yalivyoandikwa. Restituta alikaa upande wa kompyuta, mimi nikamsomea. Alipoona ukurasa umefunguka alipiga vigelegele peke yake katika chumba kitupu, kisha akanitazama, akasema, "Nisamehe, tata." Nikamwambia aendelee, kwamba nyumba hii haijasikia sauti ya namna hiyo muda mrefu. Maombi ya dawa yalikwenda siku hiyo hiyo. Dawa zimefika.

Jina la mtandao nililiandika tena, herufi kwa herufi, kama ulivyosema. Simu haikujua tofauti. Mimi nilijua, niliona mwandiko wangu. Nimelifuta, nimeandika ZAHANATI. Nenosiri jipya nimempa Restituta, na lako nimelitia katika bahasha ndogo ndani ya hii. Mwanangu aliondoka na lake. Mimi sitaki kuondoka na langu.

Limebaki jambo moja, na ningependa kulieleza kwa utaratibu.

Jumatano nilifungua chumba chake ili mama mkwe wako afagie. Nikaiwasha ile kompyuta, si kwa sababu yoyote. Nilitaka kuisikia ikiunguruma. Nilipotoka na kupita chumba cha mbele niliona taa ya poti ya kwanza inawaka.

Nilisimama pale. Poti iliyoungua haiwaki. Wewe ndiwe uliyenifundisha. Nikauchomoa waya wa paani kutoka ya tano, nikauchomeka ya kwanza, taa ikawaka vile vile. Nikaurudisha ya tano. Poti ya kwanza ni nzima. Ilikuwa nzima siku zote. Haikuwaka kwa kuwa nilikuwa nimempa mtu ambaye chumbani kwake hakuna aliyewasha kitu. Laiti waya wa paani ungerudi mahali alipokuwa ameuweka yeye, kila kitu kingefanya kazi, na sindano isingeingia mle.

Wewe ulidhani nyaya ziko alivyoziacha, na mimi sikukuambia kwamba nimezipanga upya, kwa kuwa sikuona kwamba heshima ni habari ya kuandikiwa fundi. Hakuna mwenye hatia hapo ninayeweza kumwandikia barua. Lakini ulipoisoma barua yangu ya Januari ulijua. Nimeirudia ile yako ya Februari: hakuna sentensi hata moja inayosema uongo, wala hakuna inayonieleza. Ulikuwa na kalamu mkononi na ukaniacha.

Sijui ningefanya nini kama ungeniandikia. Nilipokwisha kulielewa niliketi kwenye kiti changu. Nilikunywa chai iliyoletwa. Jioni nilisali pamoja na wengine. Nasubiri kitu kinipate, lakini naona ni kama ilivyokuwa siku ya sindano.

Mama mkwe wako aliuliza mbona nimeshika nyaya tena. Nilimwambia nakagua iwapo radi haikuharibu zaidi. Yeye anaamini kwamba ni radi iliyotuondolea maandishi ya mwanawe, na radi ni ya Mungu, hamlaumu mtu kwayo. Sioni sababu ya kumweleza yeye kitu ambacho wewe hukunieleza mimi.

Ni mimi, baba mkwe wako,
Twaibu Kahigi